"Kesho Usije"

Maneno mawili tu, "kesho usije", yanatosha kumfikisha mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayeyatamka mara nyingi si mkurugenzi wala ofisa utumishi. Ni supavaiza wa zamu kiwandani, foromani wa ujenzi, mnyapara wa shamba, au kiongozi wa wahudumu hotelini. Huyo ndiye anayepanga nani aingie usiku na nani abaki baada ya saa za kutoka, ndiye anayeipokea karatasi ya ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, ya mgonjwa akaikubali au akaitilia shaka, na ndiye anayepandisha sauti mashine ikisimama. Kwa mfanyakazi wa kawaida, kampuni ni huyo. Wenye hisa hajawahi kuwaona. Lakini fedha za mafunzo ya sheria za kazi zinapopatikana, wanaoitwa semina ni mameneja na watu wa utumishi, na msimamizi anaachwa nyuma azuie uzalishaji usishuke. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Msimamizi ndiye anayepaswa kufundishwa kwanza, tena si kwa semina za aina tuliyoizoea.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004 (Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005). Sheria hiyo inadai mambo mawili kwa mwajiri anayemwachisha mtu kazi: awe na sababu halali na ya haki, na awe amefuata utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha yote mawili ni wake. Utaratibu wenyewe umefafanuliwa katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kwanza ufanyike uchunguzi. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu katika menejimenti ambaye hakuhusika na tukio. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ya sheria. Yanachohitaji ni kujulikana mapema, kabla hasira haijatoka kinywani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Binti amefungasha maji kiwandani kwa miaka miwili, na mwezi huu amechelewa mara tatu. Alhamisi, msimamizi wake aliyechoka anamnyang'anya kitambulisho cha getini na kumwambia kesho asije. Jioni anaiarifu ofisi ya utumishi, nayo inachapa barua ya kuachishwa kazi, na ili faili lisionekane tupu, Jumatatu yanaandikwa maelezo ya kikao ambacho mwenyekiti wake ni msimamizi yuleyule. Binti ana siku 30 za kujaza Fomu Na. 1 ya Tume. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na hapo maswali yanakuwa ya kawaida mno: daftari la mahudhurio liko wapi? Onyo la kwanza lilitolewa tarehe ngapi? "Nilimwonya kwa mdomo," atasema msimamizi. Onyo la mdomo halijakatazwa, ila bila mstari mmoja ulioandikwa siku ileile, litathibitishwaje miezi mitano baadaye? Nani alimsikiliza kabla ya kitambulisho kuchukuliwa? Huenda binti kweli ni mchelewaji na kampuni ina sababu nzuri ya kuachana naye. Lakini wakili, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kurudi nyuma kwenda kuitisha kikao ambacho hakikufanyika.

Gharama yake si ya kubeza. Sheria, kama ilivyotungwa 2004, iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki. Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kasoro ikiwa ya utaratibu pekee fidia inaweza kuwa chini ya hapo. Hata hivyo, kwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi 12 ni shilingi 3,600,000, mbali na malipo ya notisi na likizo, mbali na siku ambazo meneja ameshinda kwenye benchi za Tume badala ya ofisini. Kiwanda hichohicho hakimruhusu mtu kugusa foklifti bila cheti, kwa kuwa foklifti ikiparamia rafu hasara inaonekana papo hapo. Anayekabidhiwa watu 40 anatakiwa awe tu fundi hodari au mwenye miaka mingi kazini, basi.

Na kufukuza si lango pekee la kuvunjia sheria. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na saa za ziada hazipaswi kuvuka 50 katika kila wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili. Mambo hayo ni ya hesabu, mtu huyajua kwa asubuhi moja. Ugumu uko pale msimamizi anapoamua kwa macho na moyo wake. Mama aliyetoka likizo ya uzazi ya siku 84 ana haki ya kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Akiomba kutoka katikati ya oda ya haraka, anayemjibu ni msimamizi, na jibu la "kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" linatoka bila kupitia ofisi yoyote. Kadhalika unyanyasaji wa kijinsia, ambao sheria inauhesabu kuwa ubaguzi. Mkubwa wa zamu ana chambo ambacho mkurugenzi hana: zamu nzuri, siku za ovataimu, jina la kibarua kuitwa au kutoitwa asubuhi getini. Ofisi ya utumishi inaweza kuwa na sera safi kabatini na isijue lolote juu ya biashara hiyo. Sheria inataka pia maelezo ya haki za wafanyakazi yabandikwe mahali wanapoyaona. Karatasi hiyo haina nguvu ikiwa anayepita chini yake kila siku, na mwenye mamlaka ya kuitekeleza, hajawahi kuelezwa inasema nini.

Nchi hii imewahi kuona kinachotokea wafanyakazi wanapoyasoma maandishi kabla ya wakubwa wao. Sheria ya ulinzi wa ajira ya 1964 ilileta kamati za wafanyakazi na jedwali la makosa na adhabu, hivyo mkubwa wa kazi hakuweza tena kujipangia adhabu anavyotaka. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara hiyo na kuwasomea mameneja wao. Wimbi la migomo lililofuata hadi 1973, ambalo msomi Issa Shivji amelichambua katika maandishi yake, halikuwa la mishahara peke yake. Malalamiko mengi yalihusu lugha chafu na udhalilishaji wa wakubwa wa kazi. Mengi yamebadilika tangu wakati ule, ila hali hii ingalipo: katika sehemu nyingi kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi amepata mafunzo ya sheria na msimamizi anayekabiliana naye hajapata. Mazungumzo ya namna hiyo huishia ama kwa ubabe ama kwa msimamizi kunywea, na yote mawili ni mabaya.

Wapo watakaosema mafunzo hayabadilishi watu, na kwa hilo wana ushahidi. Kwa sheria ya 2004 jimbo la California, Marekani, liliwalazimisha waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa wasimamizi wao saa mbili za mafunzo kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kila baada ya miaka miwili. Lakini mwaka 2016 Chai Feldblum na Victoria Lipnic, makamishna wa chombo cha serikali ya Marekani kinachosimamia usawa katika ajira, walitoa ripoti iliyokiri kwamba sehemu kubwa ya mafunzo ya miaka 30 iliyotangulia haikuzuia unyanyasaji, kwa sababu yalijikita mno katika kumkinga mwajiri na kesi. Tuhuma hiyo inazihusu hata semina zetu, zile ambazo mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, anakula chakula cha mchana, anapokea posho na kurudi alivyokuwa. Ila ushahidi hauishii hapo. Watafiti Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichapisha mwaka 2019 utafiti wa kampuni zaidi ya 800 za Marekani. Mafunzo ya wafanyakazi wote yaliyojaa orodha ya makatazo yalifuatiwa na kupungua kwa baadhi ya makundi ya wanawake katika nafasi za umeneja. Mafunzo ya mameneja, yaliyowachukulia kama watu wa kusaidia kuzuia tatizo, yalifuatiwa na ongezeko la baadhi ya makundi hayo ya wanawake. Nao mpango wa Better Work, unaoendeshwa na Shirika la Kazi Duniani pamoja na tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi, uliona katika viwanda vya nguo kwamba mafunzo ya stadi za usimamizi, hasa kwa wasimamizi wanawake, yaliongeza tija kwa asilimia 22. Kwa hiyo swali la maana ni anafundishwa nani, na anafundishwa kufanya nini.

Msimamizi hahitaji kukariri vifungu. Anahitaji kufanya mazoezi ya mambo yale yale yanayomkuta: kuandika onyo lenye tarehe, tukio na alichojibu mfanyakazi; kupokea ED bila kejeli; kupanga ovataimu huku akihesabu saa; kumsikiliza anayelalamika kwamba ameshikwashikwa, kisha kulipeleka lalamiko linakostahili bila kulitangaza. Ajue pia mambo asiyoruhusiwa kuyaamua peke yake, la kwanza likiwa kumwondoa mtu kazini. Yote haya yafanyike kwa Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya 2021, lakini kanuni na hukumu nyingi zilizoijenga sheria hii ya kazi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoa mada anayezisoma kutoka ukutani mbele ya mafundi anapoteza muda wao. Vipindi vya dakika 40 kabla ya zamu, mara mbili kwa mwezi, kwa kutumia faili halisi zilizofutwa majina, vitafanya zaidi ya semina ya siku mbili mjini.

Pingamizi linalosikika zaidi kwa waajiri ni kwamba msimamizi akijua sana sheria ataogopa kuchukua hatua, na wazembe watatamba. Nadhani ni kinyume chake. Anayeogopa ni asiyejua mpaka uko wapi. Leo anavumilia wizi kwa kuhofia kesi, kesho anamfukuza mtu kwa dakika kumi za kuchelewa. Kanuni za 2007 zinataja wazi makosa yanayoweza kumwondoa mtu kazini hata kwa mara ya kwanza: ukosefu mkubwa wa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, uzembe uliokithiri, kushambulia mtu, ukaidi wa kupindukia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hata hakingwi na masharti ya kuachishwa isivyo haki. Mwajiri ana nafasi kubwa kisheria, ila ameiacha mikononi mwa mtu asiyejua kuitumia.

Mwenye karakana ya watu wanane naye atauliza atampata wapi mwenyekiti asiyehusika. Ni swali la haki, na silipuuzi. Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu imewahi kueleza kwamba kanuni hizi si za kuwekewa tiki moja baada ya nyingine. La msingi ni mtu asikilizwe kwa haki kulingana na mazingira ya pande zote. Kwa karakana ndogo hiyo ina maana ya tuhuma kwenye karatasi, siku mbili za kujiandaa, mwenzake kukaa kando yake, na mwenye mali kuongoza kikao badala ya foromani mlalamikaji. Gharama yake ni karatasi na subira.

Pingamizi ambalo mimi mwenyewe naliona zito hutoka kwa wasimamizi. Wanafundishwa sheria asubuhi, jioni wanaulizwa katoni zimefika ngapi, na hakuna anayeuliza la pili. Hilo halijibiwi kwa mafunzo zaidi. Linajibiwa na mkurugenzi anayekubali oda ichelewe kuliko watu kuvuka saa za sheria, na anayeupima usimamizi kwa namna watu wanavyotendewa pamoja na hizo katoni. Mkurugenzi wa aina hiyo, akitaka kujua kama mafunzo yameingia, haimlazimu kutunga mtihani. Avute mafaili yote ya nidhamu ya miezi sita iliyopita, aangalie mangapi yana tarehe ya tukio, maelezo ya mfanyakazi kwa maneno yake mwenyewe, na jina la mwenyekiti ambaye hakuwa mlalamikaji.