Kiu Isiyokwisha: Dalili za Sukari Kuzidi Katika Damu

Ndugu wazazi, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, msimkaripie kwanza. Angalieni anavyokunywa maji.

Sukari katika damu ikipita kiasi cha milimoli 10 hivi kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka katika mkojo ikivuta maji. Mgonjwa hukojoa mara nyingi, hata usiku, ndipo hushikwa na kiu kali. Kumnyima maji, basi, si dawa. Wazee walitambua ugonjwa huu kwa sisimizi waliokusanyika penye mkojo; lakini katika choo cha shimo nani atawaona?

Kwa mtu mzima dalili huja polepole: uchovu, macho kuona ukungu, vidonda vinavyochelewa kupona, kuwashwa sehemu za siri. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa miaka.

Kwa mtoto mambo huenda mbio. Kongosho lake likiacha kutengeneza insulini, mwili hushindwa kutumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta yake. Mtoto hukonda ingawa anakula. Asidi hujaa katika damu. Anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva mno, kisha anasinzia. Hapo wengi husema ni malaria, au amerogwa. Hata vimelea vya malaria vikionekana, mtoto aweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumika mara ya kwanza kwa mgonjwa huko Toronto, watoto wa namna hii walikufa. Siku hizi hupona hatari hiyo wakiwahi.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na ombeni damu ipimwe sukari. Ni tone moja la kidoleni, na jibu hutoka papo hapo. Mwenye dalili hizi akionekana na milimoli 11.1 au zaidi, saa yoyote, ana kisukari. Msingoje afunge kula. Njiani apewe maji akiweza kumeza, si soda wala glukosi ya kopo.

Anayetumia insulini tayari, akitetemeka ghafla na kutokwa jasho, ni habari nyingine: sukari yake imeshuka. Huyo apewe soda yenye sukari mara moja, akiwa na fahamu na anaweza kumeza.