Mvua ya Bukoba siyo mvua ya Nyakatuntu

Leo sina habari za mpira wala za siasa. Nataka tuongee kuhusu mvua. Usicheke kwanza. Soma kabla dakika zako za hapo kafe hazijaisha, utaniambia mwisho.

Mwezi wa tisa mwaka fulani nilikuwa kafe kama wewe hapo. Mzee akanipigia simu kutoka nyumbani Nyakatuntu: "Wewe si ndiye mwenye intaneti? Angalia kama leo mvua ipo, tunataka kuanika kahawa." Nikafungua ukurasa mmoja wa hali ya hewa, nikaona kajua kananing'aria. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kabisa: "Anikeni mzee, leo kavu."

Saa tisa alasiri ikashuka mvua ya mawe. Kahawa ya maganda imetandazwa uwanja mzima, watu wako shambani, mama peke yake anakimbia na turubai. Ililowa karibu yote. Kahawa iliyokuwa inakaribia kukauka ikilowa hivyo huota ukungu, na mnunuzi akiinusa tu anakata bei. Ile pesa ilikuwa ya ada ya mdogo wangu. Alikaa nyumbani wiki tatu akisubiri tupate pengine.

Niliporudi kuangalia ule ukurasa vizuri ndipo nikaona kosa langu. Juu kabisa palikuwa pameandikwa Bukoba. Mimi nilimpa mzee wangu hali ya hewa ya mji mwingine. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

KITUO CHA HALI YA HEWA NI NINI HASA?

Wengi tunadhani ni jengo kubwa lenye watu wa makoti meupe. Hapana. Kituo ni uwanja mdogo uliozungushiwa uzio. Ndani yake kuna kipima mvua, kuna kisanduku cheupe chenye matundu ubavuni ambamo vipimajoto hukaa kivulini, kuna mlingoti wenye vyombo vya kupima kasi na mwelekeo wa upepo. Kuna pia kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa na unyevu. Mvua ya siku nzima husomwa saa tatu asubuhi. Basi.

Mvua hupimwa kwa milimita, na hapa watu wengi hupotea. Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo ikinyesha milimita 20, nyumba yenye bati la mita 8 kwa 10 imepokea lita 1,600, sawa na ndoo 80 za lita ishirini. Shamba la ekari moja limepokea lita kama elfu themanini. Sasa fikiria kilima kizima kimepokea kiasi hicho ndani ya nusu saa, na maji yote yanatafuta njia moja ya kuteremkia bondeni. Ndiyo maana daraja la miti linaondoka.

Siku hizi kuna vituo vinavyojiendesha vyenyewe. Kifaa kinapima, kinatumia umeme wa jua, kina laini ya simu ndani yake kama simu yako, na kinatuma vipimo kila baada ya dakika chache. Hakihitaji mtu wa kukaa hapo usiku na mchana.

KWA NINI CHA BUKOBA KISITUTOSHE?

Hapa ndipo penye utamu. Bukoba iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na ziwa lile linajitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Hewa baridi hutoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, zinakutana huko kati, na hewa yenye unyevu inasukumwa kwenda juu. Matokeo yake ni mawingu mazito ya radi katikati ya ziwa usiku wa manane. Pepo za huku mara nyingi huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo mawingu yale yanaletwa upande wa Bukoba. Ndiyo maana watu wa Bukoba wanaamka na mvua asubuhi, na mji ule hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tuko nyuma ya vilima, mbali na ziwa. Mawingu mengi yakifika huku yameshajitua mzigo. Tunapata kama nusu ya mvua ya Bukoba, na radi zetu nyingi ni za mchana, jua likishachoma migongo ya milima. Asubuhi kweupe, saa tisa mawe. Kwa hiyo Bukoba inaweza kulowa sisi tukiwa kwenye vumbi, na sisi tukapigwa mawe Bukoba ikiwa na jua. Mkoa ni mmoja, hewa ni mbili.

Mtu atasema: mbona Mwanza kuna rada ya hali ya hewa, si inaona mpaka huku? Ni kweli TMA wana rada pale Kiseke, na ni chombo kizuri sana. Lakini dunia ni ya mviringo na mawimbi ya rada huenda karibu na mstari ulionyooka. Kutoka Mwanza mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 200, na kwa umbali huo mawimbi yanapita kilomita kadhaa juu ya vichwa vyetu. Yanaweza kuona kichwa cha wingu refu, lakini kinachodondoka kwenye mgomba wako hayakioni. Satelaiti nayo inaona mgongo wa wingu. Chombo kinachojua kwa hakika mvua kiasi gani imefika chini ni kile kilicho chini.

DAR NAO WALIJIFUNZA KWA MACHUNGU

Msidhani hili ni tatizo la sisi wa shamba. Kati ya tarehe 20 na 22 Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mafuriko ambayo yaliua watu zaidi ya 40. TMA walisema mvua ya namna ile haijaonekana tangu mwaka 1954. Watu wa Jangwani na Suna walipanda juu ya mapaa, na baadaye wengi wakahamishiwa Mabwepande.

Angalia Mto Msimbazi ulivyo. Chanzo chake kiko kwenye vilima vya Pugu, mwisho wake ni baharini. Mvua ikipiga Pugu, mtu wa Jangwani anaweza kuwa na jua kali, anaanika nguo zake, hajui kwamba maji yako njiani. Kama unapima mvua uwanja wa ndege peke yake, huwezi kumwambia yule mtu kitu cha maana. Mji wa pwani unahitaji vipimo vingi vidogo: vilimani, katikati ya bonde, na mtoni kwenyewe kupima kina cha maji. Kila kimoja kinampa mtu wa chini muda wa kubeba watoto na vyeti vyake.

Tangu mwaka 2015 vijana wenzetu, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa, walitembea Dar na simu mkononi wakichora mifereji na maeneo yanayofurika katika mradi wa Ramani Huria. Naisifu kazi ile. Ukijua mvua kiasi gani imenyesha na ukajua maji yatapita wapi, ndipo unaweza kusema "mtaa huu uhame, ule ubaki".

Na tahadhari ikitoka mapema inasaidia. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini, TMA walitoa taarifa siku chache kabla. Boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kikafika maeneo ya Mafia. Uharibifu ulikuwepo, barabara ya Lindi ilikatika kule Somanga, lakini hakuna boti iliyokuwa imejaa abiria katikati ya upepo ule. Hebu fikiria ingekuwaje bila taarifa.

Ziwa letu nalo lina historia yake ya majonzi. Tarehe 6 Novemba 2022, saa mbili na nusu na ushee asubuhi, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikufa watu 19. Mimi sisemi kituo kimoja zaidi kingeokoa ndege ile, sina mamlaka ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba asubuhi za Bukoba siyo za kuzichukulia poa.

Kwa upande wa wavuvi, kati ya mwaka 2017 na 2021 kulikuwa na mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, kwa fedha za Uingereza. Nchi za ziwa zilisaidiwa kutoa utabiri wa ziwa kwa maeneo na kwa vipindi vya siku, mpaka mwaloni. Mvuvi anaambiwa upande wake na saa zake. Ndivyo inavyotakiwa.

JE, NI GHALI SANA?

Vituo vya zamani, ndiyo. Lakini mambo yamebadilika. Kuna mpango unaitwa TAHMO, ulioanzishwa na wanasayansi wa Uholanzi na Marekani, wenye lengo la kuweka vituo 20,000 Afrika, kimoja kila kilomita 30. Vingi wanaviweka mashuleni: shule inakilinda, wanafunzi wanakitumia kujifunza jiografia. Kifaa chao hakina sehemu zinazozunguka, kwa hiyo hakichakai haraka. Kuna na vituo vinavyochapishwa plastiki yake kwa mashine na kuendeshwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Zambia na Kenya wameshavitumia. Wewe unayejua kutengeneza kompyuta hapo kafe, kazi hiyo unaiweza.

Linganisheni na kiwango cha chini cha dunia. WMO inazitaka nchi ziwe na kituo kinachotuma vipimo kila saa walau kila kilomita 200. Hicho kinafaa kwa utabiri wa dunia. Kwa kahawa ya mzee wangu, kilomita 200 ni nchi nyingine.

Ila tusidanganyane. Kifaa peke yake hakiokoi mtu. Buibui akijenga kwenye kipima mvua, kitakuambia kavu huku unalowa. Kibao cha sola kikiibiwa au laini ikikosa salio, kituo kimekufa. Vituo vingi Afrika vilifunguliwa kwa ngoma na picha, kisha vikaachwa. Kwa hiyo mkiletewa, ulizeni swali moja: nani atakihudumia mwaka wa tatu?

Halafu taarifa lazima imfikie mtu na aielewe. TMA wana ngazi tatu: Angalizo (njano), Tahadhari (rangi ya machungwa) na Tahadhari Kubwa (nyekundu). Uliza watu kumi sokoni tofauti yake, halafu uje uniambie wangapi wamejua. Redio za mikoani, viongozi wa vitongoji, misikiti, makanisa, magulio, hata bodaboda, hao ndio wanaofika kule ambako mtandao haufiki.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, ukiangalia hali ya hewa mtandaoni, soma jina la mahali. Mimi lilinigharimu kahawa.

Pili, jipimie mvua yako. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba mara mbili ya urefu wake, ulishikize lisiangushwe na mbuzi. Kila siku saa tatu asubuhi chomeka rula, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Misimu miwili tu utakuwa unajua kitu ambacho kompyuta yoyote duniani haikijui: mvua ya kwenu huanza lini hasa na hudanganya mara ngapi kabla ya kuanza. Mzee wangu alipanda maharage mara mbili msimu mmoja kwa sababu ya mvua ya uongo.

Tatu, usigeuke mtabiri wa WhatsApp. Sheria ya mwaka 2019 iliyoifanya TMA kuwa Mamlaka inataka vibali kwa wenye vituo, na tahadhari za hatari ni kazi yao. Daftari lako ni la shamba lako. Ukitaka shule au kijiji kiwe na kituo cha kweli, pitieni halmashauri na TMA, ili vipimo vyenu viingie kwenye utabiri na visiishie ukutani.

Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tulifurahi kwamba huduma zitasogea. Ofisi zimesogea. Mimi naomba na kipima mvua kisogee.

Mdogo wangu yuko shule sasa, na lile kopo nyumbani analisoma yeye akiwa likizo. Mzee akitaka kuanika haniulizi tena mimi. Anaangalia daftari, anaangalia vilima, halafu ndiyo ananipigia kuuliza "na hao wa kompyuta wanasemaje?" Mimi sasa nakuwa wa tatu, na nadhani ndiyo nafasi yangu.

Haya wadau, kwenu mvua ya mwisho ilinyesha lini, na nani aliwaambia kabla? Tupeni habari za huko mliko.