Miezi Saba ya Kusubiri Kidato cha Tano

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Matokeo hutoka Januari, baada yake unasubiriwa uchaguzi wa shule, na kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Miezi kama saba mtoto yuko nyumbani: anachota maji, anakaa dukani, na jioni anashika simu ambayo bwenini ilikuwa marufuku.

Mpwa wangu yuko katika miezi hiyo sasa. Anautaka mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), lakini umeme aliusoma ubaoni tu, kwa chaki. Kanuni ya Ohm anaitamka bila kusita, ila saketi hajawahi kuiunga kwa mikono yake.

Nikamfungulia PhET, maabara ya mtandaoni inayofunguka pia kwenye simu, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni bure. Unavuta betri, waya na taa kwa kidole. Ukiongeza betri ya pili, taa inawaka zaidi. Ukiunga waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, moto unalipuka kwenye kioo. Aliichoma betri mara tano kwa makusudi, kisha akanigeukia: “Mjomba, mbona nikiweka taa katikati haiungui?” Hapo ndipo neno ukinzani lilipomwingia. Mimi sikufundisha kitu.

Wazazi wengi hulipia tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano bila kinyongo, lakini bando la masomo wanaliona anasa. Naomba tulitazame upya. Mazoezi ya PhET yanapakuliwa mara moja, kisha yanafanya kazi bila intaneti. Kinachokula bando ni video. Shule Direct, iliyoanzishwa hapa Tanzania mwaka 2013, ina notsi za mtaala wetu wenyewe, na notsi ni nyepesi. Kwa hisabati kuna Khan Academy, iliyotokana na Salman Khan kumfundisha binamu yake mwaka 2004. Anayependa kompyuta ataikuta CS50 ya Harvard, nayo ni bure, ila inataka kompyuta yenyewe. Kwa simu atateseka.

Ila asizifungue zote. Nimeona vijana wakijiandikisha kozi sita wiki moja, na wiki ya tatu hawakumbuki hata nywila. Somo moja, daftari moja, saa mbili za asubuhi kabla jua halijakolea. Na daftari ni lazima, kwa sababu anayetazama tu husahau.

Juzi nilimkuta barazani amejaza kurasa nne za vipimo vya saketi sambamba. Sasa anataka betri na taa za kweli. Jumamosi tunakwenda kwa fundi redio wa mtaani. Amekubali kutuazima mita yake.