Simsim, Funguka!

Wazazi huulizana: je, yafaa watoto wetu wasomewe hadithi ya Ali Baba na wezi 40, hali ndani yake mna maneno ya uchawi? Sisi twaona yafaa. Ila kwanza na tuyachungue maneno yenyewe.

Hadithi hii huhesabiwa katika Alfu Lela Ulela, lakini haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu. Mwaka 1709, mjini Paris, kijana Mkristo wa Halab katika nchi ya Shamu, jina lake Hanna Diyab, alimsimulia mwanachuoni Mfaransa Antoine Galland. Nayo ikapigwa chapa kwa Kifaransa mwaka 1717. Basi maneno yale hatukuyapata katika mkoba wa mganga, bali katika kinywa cha msimulizi hodari.

Na simsim ni nini? Ni ufuta tu, huu tuukamuao mafuta. Kila mkulima ajua kwamba ukikauka shambani, maganda yake hupasuka yenyewe na kumwaga mbegu. Ndiyo maana hukatwa mapema, ukafungwa matita, ukasimamishwa juani. Wako wadhanio kwamba kwa sababu hiyo mlango wa pango uliitwa kwa jina lake.

Sasa mtazameni Kasimu, nduguye Ali Baba. Aliingia pangoni, mlango ukajifunga, akakusanya dhahabu kwa pupa hata neno likamtoka moyoni. Akaita shayiri, akaita nafaka nyingine na nyingine, mlango kimya. Wezi wakarudi, wakamwua. Wengi husema aliponzwa na kusahau. Sisi twasema tamaa ndiyo iliyomsahaulisha. Maana Ali Baba alilijua neno lilo hilo, akachukua mzigo wa punda wake, akatoka salama.

Basi, ewe mwalimu, ukiisha kusoma, weka sanduku lililofungwa mbele ya watoto, waliamrishe kwa neno hilo hata wachoke kwa kucheka. Kisha toa ufunguo. Katika hadithi mlango hufunguka kwa kuwa msimulizi amependa ufunguke. Lakini yuko mtu auzaye maneno yasiyoeleweka, amtozaye mama kuku na shilingi kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Huyo hasimulii hadithi. Mtoto aliyecheka leo mbele ya sanduku, kesho akiwa mzazi, hatakawia kumpeleka mwanawe hospitali.