Mjusi wa dukani na kenge wa ziwani

Taa zikiwashwa katika maduka ya Nakivale, wilayani Isingiro, mjusi kafiri hushuka ukutani. Hana kope, macho huyasafisha kwa ulimi. Wengi humuua wakidai ana sumu. Hana, na nondo na mende anaowala ni hasara kwa mwenye magunia. Hata yule wa kichwa cha buluu, anayeonekana mitini Mbarara, hana sumu.

Kenge wa ziwani ni habari nyingine. Hufikia mita 2, huiba mayai na vifaranga, na mkia wake huchapa kama fimbo. Ngozi yake ina wanunuzi, kama alivyo nao kinyonga hai. Hapo ndipo mfanyabiashara huponzwa: wote wawili wamo katika orodha za mkataba wa CITES, hawavushwi mpaka bila kibali cha serikali. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ina faini na kifungo.

Anayepakia gari Mbarara kwenda Mutukula akiombwa kubeba boksi lenye matundu, alifungue kwanza. Mpakani ataulizwa mwenye gari, si aliyelituma.