Umeme wa Upepo na Ardhi ya Kijiji: Mafunzo kwa Makada wa Tarime na Serengeti

Katika mafunzo ya Chama swali hili huulizwa mara kwa mara: mwananchi akisita mbele ya mradi wa umeme, je, anapinga maendeleo? Wako viongozi wanaojibu haraka kuwa ndiyo. Jibu hilo ni la uvivu wa fikra, na lina hatari. Katika makala hii tutaeleza kwa nini, tukitazama umeme wa upepo na hali ya wilaya za Tarime na Serengeti.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane. Kwa hiyo mwekezaji hutafuta mgongo wa kilima au uwanda ulio wazi, mahali penye upepo mkali usiokatika. Mara nyingi mahali hapo ndipo penye malisho, makaburi ya wazee na sehemu za matambiko. Mgongano huzaliwa hapo, kwa sababu pande mbili zina haja na ardhi ile ile.

Wananchi wa Mara wana kumbukumbu. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002. Migogoro ya ardhi na fidia ilifuata, na mwaka 2009 maji ya mgodi yalivuja yakaingia Mto Tigithe. Wilayani Serengeti, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, na wafugaji wa vijiji vya jirani wakajifunza maana ya mpaka mpya. Mtu mwenye historia hiyo akiuliza fidia ni kiasi gani na italipwa lini, anatumia akili aliyofundishwa na maisha.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia, nasi tujifunze kwao. Kule Kinangop, mradi wa megawati 60.8 ulikabiliwa na maandamano ya wakulima, na mwaka 2016 ukafutwa kabla ya kutoa umeme. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya megawati 310 ilijengwa ikakamilika. Lakini Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kuwa hati za ardhi hiyo, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria. Kule Kipeto, Kajiado, wenye ardhi walikodisha maeneo yao, wakaendelea kuchunga chini ya mitambo, na jumuiya yao ikapewa hisa. Hapo pia wamewekwa watu wa kuangalia tumbusi, ili mtambo usimamishwe ndege hao wanapokaribia. Jambo hili linatuhusu, kwa kuwa tumbusi wa Serengeti hawajui mpaka wa nchi.

Tofauti ya miradi hiyo haikuletwa na upepo. Imeletwa na swali la nani ameulizwa, lini, na anabaki na nini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatupa silaha. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, nayo haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia maoni ya kijiji. Tena, aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa lazima vikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa. Mwenyekiti akitia sahihi peke yake, amenyang'anya wananchi mamlaka yao.

Lipo jambo lingine ambalo makada hulificha kwa kutojua au kwa makusudi. Umeme wa mradi mkubwa huingia kwanza katika gridi ya Taifa. Hauingii nyumba ya jirani kwa sababu tu mtambo uko kilimani. Unahitaji transfoma na nyaya za usambazaji. Kada anayeahidi taa kwa kila nyumba, bila ahadi hiyo kuandikwa katika mkataba, anadanganya. Siku nyaya zitakapopita juu ya nyumba zenye giza, Chama ndicho kitakachodaiwa.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulifundisha kuwa wananchi washiriki katika kuwaza na kupanga maendeleo yao, wala wasingoje kutekeleza tu. Wakurya nao wanayo iritongo, baraza ambapo jambo la wote huamuliwa mbele ya wote. Kwa hiyo mradi wa upepo ukibisha hodi, kazi ya kada ni hii: kusoma mkataba na kuueleza kwa lugha ya wananchi; kupima pamoja na wazee njia za mifugo na sehemu za mila kabla ya nguzo ya kwanza; kudai taarifa ya athari za mazingira isomwe mkutanoni; na kuandika ahadi zote.

Taifa linahitaji umeme. Lakini kijiji kikisema hapana, tusikilize sababu kwanza. Tukishindwa kuijibu, kasoro iko katika mradi wetu.