Mwendo wa Aliye Nyuma

Wajukuu zangu wa Mchinga, baiskeli mnaijua. Wengi wenu mlijifunza kwa baiskeli ya baba, mguu mmoja mmeupenyeza chini ya bomba la fremu kwa kuwa siti ilikuwa juu mno. Mkaanguka mchangani, mkainuka, mkaendelea. Baiskeli hiyohiyo hubeba madumu ya maji, gunia la korosho, tenga la samaki, hata mgonjwa anayewahishwa zahanati akiwa amekaa kwenye keria. Leo nawasimulia kazi yake nyingine: watu wengi kufunga safari ndefu pamoja na kuchangisha fedha kwa ajili ya mtu ambaye pengine hawatamwona maishani.

Hapa nchini jambo hili lipo. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge. Kundi moja hupanda Mlima Kilimanjaro, kundi jingine huuzunguka mlima kwa baiskeli, na michango huenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Upo pia msafara wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000, ili kumuenzi aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Njiani waendeshaji hupanda miti, hukabidhi madawati shuleni na husaidia wanavijiji kupata huduma za afya. Naupenda msafara huo kwa sababu Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa safari za jasho: Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Na huko Marekani, mwaka 1980, kijana aitwaye Billy Starr aliyefiwa na mama yake kwa saratani aliwakusanya waendeshaji 36. Walipata dola 10,200 za kupambana na ugonjwa huo. Safari yao, Pan-Mass Challenge, haijakoma hadi leo, na jumla ya makusanyo yake imepita dola bilioni moja.

Najua kuna mwenye swali: kama ni fedha, si watu wachange tu, jasho la nini? Swali zuri. Ukipita nyumba kwa nyumba na daftari, watu wamekwisha kuyaona madaftari mengi. Lakini ukimwambia muuza duka, "Mjomba, Jumamosi naendesha hadi Lindi mjini kwa ajili ya wodi ya wazazi, niahidi shilingi 200 kwa kila kilomita," umempa sababu ya kukuamini, maana na wewe unatoa kitu. Ukifikisha kilomita 25 tu, tayari anadaiwa shilingi 5,000. Wakiahidi watu kumi kama yeye, hapo tayari ni 50,000, na Jumapili watakuuliza wenyewe safari ilikuwaje.

Sasa njooni barabarani. Tuseme ni Julai na mnatoka Mchinga kuelekea Lindi. Upepo gani unavuma? Kusi, na nyinyi mnakwenda kusini. Upepo wa mbisho mtupu! Baba zenu wavuvi wakikutana nao huenda kwa kukata mshazari, lakini lami haina mshazari. Dawa yake ni kufuatana. Aliye mbele anaupasua upepo, na anayemfuata kwa karibu hutumia nguvu pungufu; waliopima kwenye mashindano wanasema nafuu hiyo yaweza kufika robo au kuzidi, kutegemea kasi na upepo. Kwa hiyo mnapokezana. Wa mbele akichoka anajiweka pembeni baada ya kutazama nyuma, anawaacha wenzake wapite, anashika mkia.

Kufuatana kuna adabu yake. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzio, yeye ataendelea na wewe utakuwa chini. Usishike breki ghafla. Ukiona shimo, lionyeshe kwa mkono na upaze sauti, kwa maana aliye nyuma yako haoni kitu ila mgongo wako. Na tangu lami ilipofika, mabasi na malori ya barabara hii yanakimbia sana: mstari mmoja, kushoto kabisa, hata kama hadithi mnayopiga ni tamu kiasi gani.

Pancha itatokea, tena huko Kikwetu njiani, mbali na fundi. Toa tairi upande mmoja, vuta mpira wa ndani, ujaze upepo, uuzamishe kwenye beseni au dimbwi lolote. Tazama viputo vinapotoka, hapo ndipo penye tundu. Kausha, sugua kwa msasa hadi paparuze, paka gundi. Kisha subiri! Vijana wengi hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, na baada ya muda mfupi wako chini tena. Ingoje ikauke hadi inate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha vidole ndani ya tairi polepole, kwani mwiba ulioingia huenda bado umo.

Wakati huo wenzako wote wamesimama, na hapo ndipo msafara wa hisani unapotofautiana na mashindano. Atakuwepo mwenye baiskeli nzito, atakuwepo mdogo wa miguu mifupi. Mwendo wa wote ni wa yule wa polepole zaidi. Mwekeni mkubwa mmoja, mwenye nguvu kuliko wengine, akae mwisho kabisa na pampu na viraka, asikubali mtu yeyote awe nyuma yake. Kazi hiyo haina kupigiwa makofi, na mimi ningempa mtu ninayemwamini zaidi.

Mkirudi, msitawanyike kabla ya hesabu. Iteni wazazi na wote walioahidi, mmoja wenu asimame na daftari asome kwa sauti: fulani aliahidi hiki, ametoa hiki, jumla hii, mashuka mangapi ya wodi yamenunuliwa, risiti hizi hapa, mwenye kutaka kuzishika azishike. Mkibakiwa na shilingi 700, isomwe na hiyo.